Jiko la Kale Lisibomolewe kwa Pupa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku hizi katika mitaa yetu ya bara ya Mombasa, tangu Changamwe hadi Miritini, methali hiyo watu wameigeuza miguu juu kichwa chini. Mtu akiuona ufa jikoni mwake hajali kuuziba. Huubomoa ukuta mzima, na ule mpya asiujenge. Pita Jomvu Kuu jua linapotua, utazame nyuma ya nyumba za watu. Hutakosa kuona mahali fulani rundo la mawe na mchanga uliokwisha kuota majani, na kando yake, chini ya mabati mawili matatu yaliyoegemezwa miti, mama wa nyumba ameinamia seredani huku upepo ukimpiga majivu usoni. Mwulize, atakwambia jiko linajengwa. Mwulize tangu lini, atacheka tu.

Makala haya yana neno moja la kusema, nalo ni hili: jiko kuukuu lisibomolewe kabla ya kutengenezwa. Litengenezwe kwanza kwa fedha kidogo, lipikiwe mwaka mzima, kisha ndipo ijulikane kama kuna haja ya kulivunja, na likivunjwa lijengwe vipi. Wala hii si faraja ya maskini. Hata aliyejaaliwa mali yafaa afanye hivyo, kwani kazi ndogo ndiyo inayomfundisha mtu kazi kubwa inavyotakiwa iwe.

JIKO KATIKA NYUMBA YETU

Katika lugha yetu jiko ni vitu vitatu. Ni pale panapowashwa moto. Ni chumba chenyewe cha kupikia. Na tena ni mke, maana kijana akioa twasema amepata jiko. Wako akina mama wa leo wasiopendezwa na usemi huo, na haki yao. Lakini usemi wenyewe watuonyesha kwamba wazee wetu walijua nyumba imesimama juu ya nini. Ajabu ni kwamba fedha zikiingia nyumbani, jiko ndilo la mwisho kukumbukwa. Hununuliwa makochi, likaja pazia la mlango wa mbele, ikaja televisheni ya ukutani. Nyumba njema si mlango, twasema, na huku rangi yote tumeimalizia mlangoni.

Jomvu Kuu si mahali pa kufundishwa mambo ya jiko. Huu ni miongoni mwa miji mikongwe ya pande hizi, na Wajomvu ni mojawapo wa Tisa Taifa katika zile Thenashara Taifa za Mombasa. Mji wenyewe umekaa kando ya mkono wa bahari unaotoka Tudor kuelekea Rabai, na wanawake wake wamejulikana kwa ufinyanzi. Chungu cha wali, mkungu wa kufunikia, kaango la samaki, mtungi wa kupozea maji, vyote hivyo vilikuwa kazi ya mikono ya akina mama. Mji uliowafinyangia wengine vyombo vya jikoni hauna sababu ya kuingoja picha ya ugenini iuambie jiko zuri ni lipi.

Tuitazame nyumba yetu ya kawaida ya bara. Mbele pana baraza. Ukiingia wakuta ukumbi mrefu wenye vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi watokea uani. Uani ndiko kuliko na jiko, choo, na mahali pa kuwekea maji. Mpango huo haukuja kwa bahati. Paa lilikuwa la makuti, na moto haukutakiwa karibu na vyumba vya kulala. Moshi ulitakiwa upate njia. Na juu ya yote, ua ulikuwa baraza ya wanawake: hapo walipika, walichambua mchele, walisukana nywele, wakazungumza yao bila ya kuonwa na wapita njia. Hata Lamu, katika nyumba za mawe za ghorofa, jiko aghalabu liliwekwa juu kabisa, ili moshi uende zake na joto lisishuke kwa wenyewe. Mahali ni mbali mbali, ila hoja ni moja.

Hoja hiyo bado ina nguvu, na leo tunaijua kwa hesabu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020. Wengi wa wanaouvuta moshi huo ni wanawake na watoto wadogo wanaobebwa mgongoni. Basi anaposema mtu kwamba jiko ni jambo la wanawake na linaweza kungoja, na ajue linangoja juu ya mapafu ya nani.

KWA NINI TWAVUNJA

Sababu ya kwanza ni haya. Posa imekuja, wakwe watafika, na jiko lina masizi. Sababu ya pili ni picha. Kila simu leo ina picha za majiko ya Dubai na Muscat, yenye makabati yanayong'aa toka sakafuni hadi darini, na binti akimwonyesha mama, mama huona lake ni pango. Sababu ya tatu ni fundi, ambaye akiitwa kutazama ufa mmoja huzunguka akigonga kuta, akatikisa kichwa, akasema hili halifai ila kuvunjwa. Fundi halaumiwi sana, kwani riziki yake imo katika kuvunja na kujenga. Wa kulaumiwa ni anayeuliza bei ya ukuta kabla ya kuuliza bei ya chokaa.

Kisha yaja madeni. Mikopo ya simu hupatikana kwa kubonyeza vidole mara chache, na riba yake hujulikana baadaye. Sisi tulioharimishiwa riba, na tuliokatazwa israfu, twajua vizuri msimamo wa dini yetu katika hili. Lakini mara ngapi tumemwona mtu mwenye kuswali swala tano akikopa kwa riba ili abandike vigae jikoni? Fedha za mkopo zikiisha ukuta umefika kiunoni. Huo ndio mwanzo wa yale mabati mawili matatu.

Tena liko jambo la ardhi, ambalo halisemwi sana kwa kuwa linauma. Mombasa ina desturi yake ya nyumba bila shamba, mtu kumiliki nyumba ilhali kiwanja ni cha mwingine. Wengine wamekaa vizazi viwili au vitatu bila ya hati. Mwezi wa Mei, 2015, makao yaliyokuwa kando ya barabara kuu huko Jomvu yalibomolewa usiku ili kupisha upanuzi wa njia, na watu zaidi ya 100 wakajikuta hawana pa kulala. Mwenye hati na ajenge atakavyo. Lakini asiye na hati, akizika akiba yake yote katika zege na vigae, ameiweka fedha mahali ambapo hawezi kuichukua akiambiwa ondoka. Chokaa, rafu, meza na kabati la kusimama havimwingizi katika hatari hiyo, na vingi kati yao vyabebeka.

KAZI YA SIKU CHACHE

Sasa tuingie jikoni. Kazi ya kwanza haina gharama: toeni kila kitu nje. Sufuria zilizotoboka, mfuniko usio na sufuria yake, chupa za mafuta zilizowekwa kwa kuwa huenda zikahitajiwa, mitungi iliyopasuka, magunia. Majiko mengi yanayosemwa ni madogo si madogo, yamejaa. Chumba kikiwa kitupu ndipo huonekana ukubwa wake, ndipo huonekana pia pale panya anapopitia na pale maji ya mvua yanapoingilia.

Ya pili ni masizi. Yakwanguliwe kwa ufagio mgumu, kisha ukuta usuguliwe kwa maji ya moto na sabuni au magadi, mpaka mafuta yatoke. Hapa hapana njia ya mkato. Rangi au chokaa ikipakwa juu ya mafuta haitashika, na baada ya mwezi itaanguka kama magamba ya samaki, kisha watu waseme chokaa haifai.

Ya tatu ni chokaa yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana twaidharau mali yetu. Chokaa ndiyo iliyoshikilia mawe ya miji yote ya mwambao huu, na misikiti yake, tangu Gedi hadi Kilwa. Ilitengenezwa kwa kuyachoma matumbawe ya baharini. Ikipakwa ukutani hunyonya hewa na kurudi polepole kuwa jiwe, na kwa ukali wake ukungu hauipendi. Kwa bei ni rahisi mno kuliko rangi ya kopo. Hulowekwa katika pipa la maji usiku mmoja, tena chokaa ndiyo imwagwe katika maji, si maji juu ya chokaa. Asubuhi huchujwa kwa kitambaa na kutiwa gao la chumvi, nayo iwe nyepesi kama tui la pili. Ukuta huloweshwa kwanza, ndipo ikapakwa kwa brashi pana, mara tatu, kila siku mara moja. Siku ya kwanza mtu atavunjika moyo kwa sababu haionekani. Ikikauka itajitokeza yenyewe. Mpakaji ajifunike macho na mikono, kwani chokaa huunguza. Na pale nyuma ya moto, mafuta yanaporukia, chokaa haitoshi. Hapo papakwe rangi ya mafuta au vibandikwe vigae vichache, safu mbili tatu, basi.

Yafaa kuonya jambo moja. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa hewa. Ukizifunika kwa lipu nene ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi ikapanda, na lipu ikabambuka vipande vipande. Wanaozitunza nyumba za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hutumia chokaa kwa sababu hiyo. Ukuta wa boriti na udongo nao ni vivyo hivyo: saruji haishikani nao. Ukandikwe udongo upya, kisha upakwe chokaa. Na kama ni sakafu inayozibwa kwa saruji, mchanga usichotwe ufuoni. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma na kuiharibu kazi.

Ya nne ni upepo na mwanga. Jiko lenye dirisha moja halina upepo, lina tundu tu; upepo wataka pa kuingilia na pa kutokea. Toboa upande wa pili, juu, karibu na paa, uweke matofali mawili au matatu yenye matundu. Kazi hiyo ni ya mwashi mmoja kwa siku moja. Kusi ikivuma itaingia huku na moshi utoke kule, kaskazi ikija mambo yatageuka, nawe hukununua feni. Juu ya paa la mabati ondoa bati moja, weka lile la kupitisha mwanga. Mama aliyekuwa akiwasha taa mchana ili aone mawe katika mchele atakuombea dua.

Ya tano ni kimo. Mapishi yetu yana kazi za kukaa na kazi za kusimama. Kukuna nazi kwataka mbuzi na nafasi ya kuketi. Kutwanga kwataka kinu na sakafu ngumu. Kusukuma chapati kwataka meza. Mafundi wa siku hizi hujenga ubao mmoja mrefu wa zege uliozunguka kuta zote, wakasahau kabisa kwamba mbuzi hapandi juu ya zege. Matokeo ni kwamba mwenye jiko la fahari hukunia nazi yake mlangoni. Meza moja imara ya mbao, iliyokatwa kwa kimo cha kiuno cha yule anayeitumia, pamoja na pembe moja iliyoachwa wazi kwa mbuzi na kinu, itafanya kazi zaidi kuliko zege hilo. Rafu mbili za mbao juu ya meza, misumari ya kutundikia miiko na kaango, na kabati la wavu la kuhifadhia chakula, miguu yake ikisimama katika makopo ya maji yenye tone la mafuta ya taa ili siafu na sisimizi wasipande: hayo bibi zetu waliyajua.

Kabati za zamani zisitupwe. Mbao ngumu ya miaka 40 ikisuguliwa kwa msasa na kupakwa rangi, ikatiwa bawaba mpya na vishikio, itashinda zile kabati za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ambazo unyevu wa bahari huzivimbisha kama mkate uliodondokea chai. Na maji yakumbukwe. Mombasa mfereji waweza kukauka siku kadha mfululizo, kwa hiyo jiko lisilo na mahali pa pipa lenye mfuniko, lililoinuliwa juu ya matofali na kutiwa bomba dogo chini, si jiko la Mombasa, hata likiwa na karo la chuma kinachometameta.

MOTO MMOJA AU MIWILI?

Wengi hufikiri kuhamia gesi maana yake ni kujenga jiko jipya. La hasha. Gesi yataka meza imara, hewa, na akili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hushuka na kutambaa chini. Ndiyo maana mtungi usifungiwe kabatini, na ndiyo maana tundu moja la hewa liwe chini karibu na sakafu. Mtungi usimame wima, mbali na seredani iliyowashwa, na mpira wake ubadilishwe kabla haujapasuka.

Hata hivyo simshauri mtu aitupe seredani. Bei ya gesi haina msimamo. Kodi ya gesi ya kupikia iliondolewa hapa Kenya mwaka 2016, ikarudishwa 2021, ikapunguzwa nusu 2022, ikaondolewa tena 2023. Na kila ilipobadilika, mwenye moto mmoja ndiye aliyeumia. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani, lilienea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, na wazo lake lilitoka Thailand. Hupunguza makaa kwa kiasi cha thuluthi na zaidi. Udongo uliochomwa! Jomvu Kuu ilikuwa ikiuchoma tangu enzi. Seredani iwekwe uani au mahali penye hewa tele, isiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila ya harufu.

MWANAMKE ALIYEHESABU HATUA

Huenda msomaji akasema hizi ni hadithi za kujifariji, na ulimwengu umekwenda mbele. Basi tuuangalie huo ulimwengu. Lile jiko la makabati ya ukutani tunalolitamani lina mamaye. Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, mchoraji majengo mmoja wa Austria, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo, upana usiofika mita 2 na urefu wa mita 3 na nusu hivi, kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi. Yapata majiko 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Kabla ya kuchora, hakuanza na kabati. Alianza kwa kuzihesabu hatua za mwanamke anayepika na kuupima wakati wake kwa saa: kutoka kwenye moto hadi kwenye maji, kutoka kwenye maji hadi mezani. Kisha akavisogeza vitu hivyo vitatu vikaribiane.

Habari hii si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Aliyeisimamia kazi ile ya Frankfurt, Ernst May, alihamia Tanganyika mwaka 1934, kisha akafanya kazi yake ya kuchora majengo Nairobi. Yeye ndiye aliyechora Oceanic Hotel hapa Mombasa, na katika miaka ya 1950 akachora pia mtaa wa nyumba za Waafrika wa Port Tudor, kando ya mkono ule ule wa bahari unaoendelea hadi Jomvu.

La kujifunza kwa bibi yule ni kuhesabu hatua, na kuhesabu hakutozwi fedha. Mtu akae jikoni kwake siku moja na kipande cha karatasi, aone mara ngapi mpishi ametoka kwenye moto kwenda kwenye maji. Akiona mwendo ni mrefu, asogeze pipa. Huo ni ukarabati wa bure. La kutojifunza kwake ni udogo. Jiko lile lilikusudiwa mwanamke mmoja peke yake, mlango umefungwa. Letu ni la wengi. Siku ya harusi, ya maulidi, ya hitima, majirani huja na visu vyao, sufuria kubwa ikapandishwa juu ya mafiga matatu, mmoja anakaanga vitunguu, mwingine anapepeta mchele. Jifya moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo anayevunja jiko la uani ili mahali pake ajenge vyumba vya kupangisha, akalisukuma jiko ndani ya ukumbi wenye giza, amepata kodi ya mwezi na amepoteza kitu ambacho kodi haitakirudisha. Siku ya msiba wake atapikia barabarani.

YASIYOFUNIKWA KWA CHOKAA

Wako watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Watasema fedha kidogo leo na fedha nyingi kesho ni kulipa mara mbili; kwamba jiko bovu likipambwa huwa ni kama kumvisha kilemba mgonjwa wa kitanda. Kweli, yako mambo yasiyofunikwa kwa chokaa. Boriti iliyoliwa na mchwa haiponi kwa rangi. Nyaya za umeme zilizobabuka na kuunganishwa kwa vitambaa zataka fundi wa umeme, tena leo, si baada ya Idi. Ukuta uliojitenga na paa, shimo la maji machafu lililofurika, mpira wa gesi uliopasuka: haya yatengenezwe kwanza, hata kama fedha zote zitaishia hapo na ukuta ubaki mweusi. Usalama kwanza, uzuri baadaye.

Lakini kwa mengine yote, hoja ya kulipa mara mbili haisimami. Meza, rafu, kabati lililosuguliwa, seredani, pipa, vyote vyaweza kuhamia katika jiko jipya. Kitakachopotea ni chokaa na siku chache za mwashi. Kitakachopatikana ni ujuzi. Jiko lililotengenezwa hivyo likapikiwa toka Ramadhani hadi Ramadhani limepita mitihani yote: futari za siku 30, wageni wa Idi, mvua za masika, joto la kaskazi, siku za ukosefu wa maji. Baada ya mwaka huo wenye kupika watajua pasi na shaka kinachopungua. Pengine watasema dirisha lipanuliwe na sakafu iinuliwe tu. Fundi akija atakuta orodha imeandikwa, naye atajenga kinachotakiwa badala ya kile alichomjengea mtu wa mwisho.

Tuna wakati wetu mzuri wa kazi hii, na wazee walishautenga. Shabani ilikuwa ndiyo mwezi wa kupaka chokaa, kusafisha mitungi na kununua vyungu, ili mwandamo wa Ramadhani uikute nyumba nyeupe. Na siku ya kuvunja jungu watu wale pamoja uani. Desturi hiyo haikuwa mapambo matupu. Ilikuwa ni ukaguzi wa jiko kila mwaka, na kwayo ufa uliozibwa kila Shabani haukupata kuwa ukuta ulioanguka. Tulipoiacha, tukaanza kungoja fedha kubwa, na fedha kubwa kwa wengi wetu haziji.

Neno la mwisho ni kwa wanaume, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye kushika mfuko. Tumepokea katika sira kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake kwa mikono yake. Kushika brashi ya chokaa siku mbili hakutampunguzia mtu heshima barazani. Wala asidhani analijua jiko kwa kuwa analila. Kabla hujamwita mwashi, mwite anayepika, mkae nyote wawili jikoni humo humo wakati moto umewaka, umwulize macho yanamwasha upande gani, mgongo unamwuma akifanya kazi gani, na nini angekibadili leo kama angekuwa na shilingi chache tu. Atakujibu mara moja, maana amelifikiri jambo hilo miaka mingi bila ya kuulizwa.